Anayekwenda Nærøyfjord azilinde saa mbili za sitahani

Ndugu Mhariri,

Kiangazi cha Ulaya kikikaribia, magazeti ya Kiswahili, lako likiwemo, huchapisha picha ya boti nyeupe ikipita kati ya majabali ya Norway, na chini yake maneno machache ya sifa. Sifa hizo ni za haki. Lakini msomaji anayepanga kwenda haambiwi lolote la kumsaidia, na wanaopanga wapo. Familia nyingi za Wakongo na Warundi zilipokewa Norway kama wakimbizi, zipo pia za Watanzania na Wakenya walioenda kusoma au kufanya kazi, na sasa wazazi, shangazi na wajomba wanakwenda kuwatembelea. Mwenyeji akiulizwa ampeleke wapi mgeni wake, jibu la kwanza ni safari ya boti kwenye fiodi. Pesa nyingi hulipwa. Kisha mgeni anakaa ndani kwenye kiti kwa sababu ya baridi, anatazama kioo chenye ukungu, na kushuka hajui alichopita.

Rai yetu ni moja. Kinachonunuliwa pale ni saa mbili za kusimama sitahani, na mengine yote, tangu tiketi mpaka soksi, yapangwe kwa ajili ya kuzilinda.

Kwa asiyejua, fiodi ni mkono mwembamba wa bahari ulioingia ndani kabisa kati ya milima. Mchimbaji wake ni barafu. Katika enzi za barafu, mito ya barafu nene ilishuka kutoka milimani na kukwangua mabonde ya kale mpaka chini ya usawa wa bahari. Ilipoyeyuka, maji ya chumvi yakaingia. Sognefjord, ndefu kuliko zote Norway, ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha zaidi ya mita 1,300, lakini mdomoni pake, inapokutana na bahari kuu, kina hakifiki mita 200. Kule barafu ilikuwa imetawanyika na kupungua uzito, haikuchimba sana. Mawimbi ya bahari kuu nayo hayafiki kwenye matawi ya ndani. Anayeogopa kutapika kama kwenye boti ya Unguja wakati wa kusi aondoe hofu hiyo. Sitahani adui ni upepo, na tutaufikia.

Nærøyfjord ni tawi la Aurlandsfjord, nayo Aurlandsfjord ni tawi la Sognefjord. Ina urefu wa kilomita 17 hivi, na penye wembamba zaidi ukingo mmoja uko mita 250 tu kutoka wa pili. Mwaka 2005 UNESCO iliiandika kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Geirangerfjord. Kuta za fiodi hizi mbili hupanda hadi mita 1,400 juu ya maji na kushuka hadi mita 500 chini yake, kwa hiyo abiria anaona sehemu ya ukuta tu, uliobaki umezama.

Kosa la kwanza hufanyika kwenye tiketi. Katika mji wa Bergen, magharibi ya Norway, kuna safari ya boti ya saa tatu na nusu hivi iendayo Mostraumen, kwenye Osterfjord. Ni safari nzuri, inafaa kwa mwenye siku moja, lakini haifiki Nærøyfjord na haikaribii. Kuna pia boti ya mwendokasi ya msimu wa kiangazi kutoka Bergen hadi Flåm, safari ya zaidi ya saa tano. Hupita Sognefjord na Aurlandsfjord, lakini haiingii tawi lenyewe. Anayeitaka Nærøyfjord atafute tiketi yenye majina mawili, Flåm na Gudvangen. Hivyo ndivyo vijiji vya mwanzo na mwisho, na kati yake ni saa mbili majini. Zipo pia boti ndogo za mpira zenye injini kali zinazotoka Flåm, ambazo abiria huvalishwa ovaroli nzito za kuzuia baridi. Vijana huzipenda. Mzee mwenye maumivu ya mgongo asipandishwe huko.

Tiketi zinanunuliwa mtandaoni kabla ya kufika, na wakati umeandikwa kwa saa 24. Hapa Waswahili tunapotea. Boti ya 15:00 inaondoka saa tisa alasiri, ile ya 09:00 ni saa tatu asubuhi. Mama aliyezoea kusoma saa zetu akitazama tiketi peke yake anaweza kukosa boti huku amekaa hotelini. Mwenyeji amwandikie pembeni kwa Kiswahili. Na simu isiyobadilisha saa yenyewe irekebishwe: kiangazi Norway iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili.

Lini? Mwishoni mwa Mei na Juni, bila kusita. Theluji ya juu inayeyuka na maporomoko yote yanamwagika kwa wakati mmoja, huku vilele bado ni vyeupe na mchana ni mrefu mno. Agosti hali ya hewa huwa ya upole zaidi, lakini kukiwa na ukame maporomoko membamba hukauka na kubaki michirizi myeusi juu ya mwamba. Majira ya baridi boti zinaendelea, ila ni chache, jua hupita chini ya vilele na kuiacha Gudvangen kivulini, na upepo mkali au maporomoko ya theluji yanaweza kuvuruga ratiba. Ni pazuri kwa namna yake. Kwa mgeni wa mara ya kwanza kutoka nchi za joto, tunashauri asianzie hapo.

Siku nayo ichaguliwe. Flåm ni kijiji cha watu mia chache, na meli moja ya kitalii hushusha maelfu. Bandari huchapisha mapema orodha ya meli zitakazofika na tarehe zake. Itazamwe kabla ya kulipa. Kama hakuna siku iliyo tupu, chukua boti ya kwanza asubuhi au ya mwisho. Asubuhi maji mara nyingi hutulia na milima hujionyesha ndani yake, halafu siku ya jua upepo huanza kupanda fiodi kadiri ardhi inavyopata joto.

Sasa boti zenyewe, maana si zote sawa. Vision of the Fjords ilianza kazi 2016 ikiwa na injini za dizeli na mota za umeme pamoja. Iliyofuata, Future of the Fjords ya 2018, haina dizeli ya kuisukuma hata kidogo. Ni katamarani, yaani boti yenye viwiliwili viwili sambamba, ya nyuzi za kaboni, urefu mita 42, abiria 400, mota mbili za kilowati 450 kila moja, na betri za kilowati-saa 1,800. Mwaka 2020 ikaja ya tatu, Legacy of the Fjords, nayo ya umeme. Nje ya boti hizi kuna njia ya mteremko inayozunguka ubavuni kutoka sitaha ya chini hadi juu, bila ngazi. Mzee anapanda taratibu, kiti cha magurudumu kinapita, mama mwenye kigari cha mtoto anapita. Anayesindikiza mzazi asiyeweza ngazi aulize kwanza ni boti ipi itakayotumika siku hiyo, kwa kuwa boti za zamani zina ngazi za chuma, nyembamba na zenye kuteleza.

Faida ya umeme utaisikia kwa masikio. Kwenye boti ya dizeli mtu huambiwa kuna poromoko kule, akalitazama. Kwenye ya umeme analisikia kabla hajaliona, na mbuzi wakiwa ukingoni kengele zao zinafika mpaka botini.

Jambo linalostahili kutazamwa Gudvangen ni gati, ingawa abiria wengi hulikanyaga na kupita. Boti ya umeme inahitaji umeme mwingi kwa dakika 20 tu za kuchaji, na nyaya za kijiji kidogo mwishoni mwa bonde hazina uwezo wa kuutoa kwa mkupuo. Waliojenga wakatengeneza gati linaloelea, urefu wa mita 40 hivi, na ndani yake wakaweka betri za kilowati-saa 2,400. Gati linavuta umeme kidogo kidogo mchana na usiku, kisha linaumimina wote botini kwa haraka, kama tangi la nyumbani linalojazwa usiku na bomba la maji hafifu. Hapohapo boti hupakulia maji yake machafu badala ya kuyamwaga. Wanaopanga vivuko vya umeme Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza wangepata la kujifunza hapa, maana umeme hafifu ukingoni mwa maji si tatizo la Norway peke yake.

Mavazi. Kiangazi nyuzijoto za Flåm mara nyingi huwa kati ya 15 na 20, na mgeni hudhani koti jepesi linatosha. Lakini boti ikienda kilomita 30 kwa saa, hata hewa tulivu inakuwa upepo wa kilomita 30 kwa saa, na upepo wa mbele ukiongezeka juu yake, joto la mwili huondoka upesi. Vaa tabaka tatu: la ndani la sufu au kitambaa cha michezo, la kati la sweta, la nje jaketi lisilopitisha upepo wala maji. Pamba isivaliwe ndani. Ikilowa kwa jasho au manyunyu inabaki imelowa, inashika ngozi na kuipoza. Mama anayetaka dera lake alivae, ila ndani yake pawe na suruali ya kubana ya sufu na soksi ndefu. Mtandio ubanwe kwa pini pande zote mbili, au uwekwe chini ya kofia ya jaketi. Mwavuli haufai kitu pale. Glavu zisisahauliwe hata Julai, kwa sababu mkono ulioshika chuma cha sitaha au simu ndio wa kwanza kufa ganzi, na ukifa ganzi mwenyewe anaingia ndani. Viatu viwe vya soli yenye meno. Chai ya moto kwenye chupa huokoa pesa, kwani vinywaji na vyakula Norway ni ghali. Maji ya bomba ni salama kunywa kila mahali.

Ukiweza kuchagua, anzia Flåm uishie Gudvangen. Upande huo kuta zinazidi kukusogelea mpaka mwisho. Ukianza kwa Gudvangen unapewa kilicho bora mwanzoni, kisha fiodi inapanuka na watu wanaingia ndani kunywa kahawa.

Ukitoka Flåm, kijiji cha Aurland kiko kulia. Inua macho juu yake: kipande cha mbao na chuma kilichochomoza mlimani ni Stegastein, jukwaa la kutazamia lililo mita 650 juu ya maji. Baadaye kushoto inakuja Undredal, nyumba chache zilizobanana mdomoni mwa bonde, pamoja na kanisa la mbao la karne ya 12 lenye viti 40 hivi. Kijiji hiki hakikuwa na barabara mpaka 1988, na jibini yao ya mbuzi, nyeupe na ya kahawia, bado inatengenezwa humohumo. Usikimbilie kupiga picha kwa mbali ukaondoka. Tazama juu ya kijiji jinsi malisho yalivyopanda mlimani, ndipo utaelewa kwa nini ni mbuzi na si ng'ombe.

Kwenye Aurlandsfjord kuna pia Stigen, shamba lililokaa juu ya kingo ya mwamba, mahali ambapo mtu wa kwetu angeuliza walipandaje. Walipanda kwa ngazi. Husimuliwa kwamba mtoza ushuru alipoonekana akija kwa mtumbwi, wenyeji waliivuta ngazi juu.

Karibu nusu ya safari boti inafika rasi ya Beitelen na kukata kushoto. Hapa ndipo Nærøyfjord inapoanza, na hapa ndipo abiria wote hukimbilia omo, yaani mbele ya boti, kwa pamoja. Uwe umeshasogea dakika kumi kabla. Funga zipu mpaka kidevuni, kwa sababu pepo za fiodi mbili hukutana penye kona hiyo. Baada ya kona usitazame mbele tu. Nenda ubavuni, weka kichwa nyuma kabisa, ufuate poromoko moja tangu linapotokea ukingoni. Yaliyo membamba hayafiki chini yakiwa maji. Upepo huyapeperusha njiani yakawa moshi, na mwamba ulio chini yake unang'aa kwa kulowa bila mto wowote kuonekana. Sili wakiwepo hulala kwenye mawe ya chini karibu na maji, rangi moja na mawe, kwa hiyo tafuta kinachosogea. Maji ya juu yana ukijani kwa sababu ya maji ya theluji yanayoelea juu ya yale ya chumvi. Tabaka hilo jepesi ndilo linaloganda wakati wa baridi kali.

Vijiji vya humu, Dyrdal, Styvi, Bakka, ni vya watu wachache mno. Njia ya posta kati ya Oslo na Bergen ilianzishwa 1647 na kupita hapa. Barua zilivushwa kwa mashua, na fiodi ilipoganda watu walizichukua kwa miguu. Kanisa dogo jeupe la Bakka ni la 1859. Ukikaribia Gudvangen utaona miamba yenye weupe usio wa theluji. Hiyo ni anothositi, aina ya mwamba mweupe, na imechimbwa hapohapo mlimani.

Kwa picha: kuta ni nyeusi na mbingu ni nyeupe, simu ikiachiwa iamue itakuharibia kimoja. Gusa skrini penye mwamba, kisha punguza mwanga kidogo. Acha ukingo wa boti au nyumba moja ibaki ndani ya picha, la sivyo hakuna atakayejua ukubwa wa kilichopigwa. Kisha simu irudi mfukoni. Baridi hula chaji, na macho yana kazi zaidi.

Safari nyingi huharibikia Gudvangen. Boti inafika, abiria wanashuka, na asiyepanga anagundua kwamba hana pa kwenda. Pale pana maegesho, mgahawa na nyumba chache. Basi la kurudi Flåm linachukua dakika 20 hivi, karibu zote ndani ya mahandaki mawili, Gudvanga la kilomita 11.4 na Flenja la kilomita 5. Nafasi yake inunuliwe pamoja na ya boti. Anayeendelea Bergen achukue basi la Voss, kisha treni ya saa moja na robo hivi. Mahandaki hayo hufungwa mara kwa mara kwa matengenezo au ajali, na njia ya kuzunguka ni ndefu sana, kwa hiyo usipange ndege ya kimataifa jioni ya siku ya boti. Masanduku makubwa yaachwe Bergen au Oslo. Mwenye masanduku matatu hutumia saa zake mbili akiyachunga.

Treni ya Flåm nayo ikatiwe tiketi mapema. Ni kilomita 20 tu, lakini inapanda zaidi ya mita 860 hadi Myrdal, kwenye reli kuu ya Oslo na Bergen, na siku za meli viti huisha.

Kuhusu viza, wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi wanahitaji viza ya Schengen. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Bima iwe ya angalau euro 30,000, na mwenyeji anaweza kujaza fomu ya dhamana ya kumgharamia mgeni. Anayetaka kusafiri Juni asisubiri Mei.

Tuseme pia neno juu ya hatari, maana matangazo hayalisemi. Tarehe 7 Aprili 1934 jabali lilimeguka likaanguka ndani ya Tafjord, kaskazini ya hapa. Wimbi lililoinuka liliua watu 40 katika vijiji vya ukingoni. Leo milima yenye nyufa Norway hupimwa kwa vyombo usiku na mchana. Safari ya boti ni salama. Lakini mgeni anayevuka uzio wa onyo ili apige picha chini ya mwamba, hasa majira ya kuyeyuka, anacheza na kitu ambacho wenyeji wenyewe wanakiogopa.

Mwisho, sheria. Bunge la Norway liliazimia mwaka 2018 kwamba meli za abiria kwenye fiodi za Urithi wa Dunia ziache kutoa moshi. Kwa zilizo chini ya tani 10,000 za ujazo tarehe iliwekwa 1 Januari 2026, na kubwa zimepewa mpaka 2032. Sababu inaonekana kwa macho: siku tulivu hewa baridi hukaa chini, ya joto hulala juu yake, na kati ya kuta mbili moshi hauna pa kutokea, unabaki umening'inia juu ya vijiji. Tunaiunga mkono sheria hii kwa moyo wote, na kwa meli kubwa tungependa isingeahirishwa. Boti za umeme zilikuwa zinafanya kazi miaka kadhaa kabla ya tarehe hiyo, hivyo haiwezi kudaiwa kuwa haiwezekani.

Kwa hiyo, Mhariri, ukipokea tangazo la wakala anayeuza "safari ya fiodi za Norway", mtake aandike ni fiodi ipi kwa jina, boti inaanzia gati gani na kuishia gati gani, inaendeshwa kwa umeme au dizeli, na abiria anarudi kwa usafiri gani ambao tayari umelipiwa.

Wasomaji wenu,
Magharibi ya Norway